Daftari la dakika 10 kwa anayesimamia watu

Iwe unasimamia godauni Shimanzi au duka Digo Road hapa Mombasa, nunua daftari la kurasa 96 na ulitengee dakika 10 kila jioni kabla hujafunga ofisi. Usingoje foleni ya feri Likoni. Ukifika pale, akili ishavuka.

Andika tukio moja tu la siku. Moja. Kwanza kilichotokea, kama ambavyo kamera ingekiona: "Lori limekaa getini dakika 40, karani hana nakala ya oda." Usiandike "karani mzembe". Hiyo ni hukumu, na ukishahukumu huoni tena kwamba nakala yenyewe ilibaki mezani kwako. Kisha sababu, ukianza na mchango wako. Mwisho hatua ya kesho, yenye kitenzi, mtu na saa: "Saa 2 asubuhi nimpe karani nakala, kabla lori halijaingia." Maneno kama "nitaboresha mawasiliano" hayafai kitu, maana kesho jioni huwezi kusema umefanya au hukufanya.

Wengi hukwama hapo: kutafakari wanatafakari, hatua haichukuliwi. Basi asubuhi fungua ukurasa wa jana kabla hujashika simu, na jioni utie alama ya vema ukiwa umefanya, au ya mkasi ukiwa hukufanya. Hatua ikisogezwa siku 3 mfululizo, ni kubwa mno. Ikate ibaki ya robo saa.

Mwisho wa wiki pitia kurasa zote. Tukio lililojirudia usiliandike tena, liitie kikao na wahusika.