Kalia mkono kabla ya kusogeza kete

Kwenye sataranji, kilichonisaidia kuliko kukariri mianzo (hatua za kwanza za mchezo) ni kukalia mkono wangu. Simaanishi kwa mafumbo: mkono unaosogeza kete uweke chini ya paja mpaka uwe umejibu swali moja, "Mwenzangu amesogeza ile kete ili apate nini?" Ukipata jibu, ndipo mkono utoke. Sheria ya mashindano ni kwamba ukigusa kete yako kwa nia ya kuicheza, utaicheza maadamu ina pa kwenda, hata kama sekunde moja baadaye umeona malkia wako analiwa. Jicho likiona hatua tamu, mkono haungoji (wangu ndio kabisa). Ule muda mfupi wa kubanwa ndio unaokuonyesha farasi aliyenyamaza pembeni.

Nje ya ubao naitumia mbinu hii kwenye ujumbe wa hasira. Naandika bila kujaza jina la mpokeaji, kisha najiuliza swali lilelile. Mara nyingi nagundua mtu alitaka kitu kidogo tu, vita niliviona mimi.

Haifai kwenye mchezo wa dakika 3 kwa kila mchezaji, maana saa itakumaliza kabla ya mpinzani. Wala kwa uamuzi unaoweza kuubadilisha kesho bila hasara. Huo sogeza tu. Na kama swali umeshalijibu na bado umekalia mkono, hapo hufikiri tena, unaogopa. Utoe, ucheze.