Ukija kununua kiungio cha cheni ya konveya, njoo na pete ya zamani mkononi

Juzi kijana aliingia dukani kwangu hapa Unga Limited, Arusha, vumbi jeupe mpaka kwenye kope.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unatafuta nini?"

"Kiungio cha cheni ya ishirini na mbili."

"Ishirini na mbili kwa ngapi?"

Akanyamaza. Akampigia bosi wake, na bosi naye hakujua. Nikampa kalipa yangu ya kupimia unene, nikamwambia arudi kazini akapime, tena asiipoteze maana ni ya pili mwaka huu. Alirudi siku ya pili na namba kwenye kiganja: 22 kwa 86. Hapo sasa tukaanza kuongea biashara.

Kabla ya duka hili nilikaa miaka tisa kwenye stoo ya mgodi wa makaa ya mawe kule kusini. Konveya (mitambo ya kusafirisha mzigo) za chini ya ardhi kule ni za kukwangua: bati refu, cheni mbili zimelazwa sambamba, na vyuma vya kukwangulia vimefungwa baina yake vikiburuta makaa. Cheni hizo huja vipande vipande, na kinachounga kipande na kipande ni pete inayofunguka. Ndiyo hiyo kiungio. Watu wanakinunua kama wanavyonunua bolti, wakitazama unene tu. Kumbe kile ni pete kama pete nyingine: kitapita kwenye spoketi ileile (gurudumu la meno linalovuta cheni), kitavutwa kwa nguvu ileile, kitalika na mchanga uleule.

Namba ya kwanza, 22, ni unene wa chuma chenyewe kwa milimita. Ya pili, 86, ni urefu wa tundu la pete kwa ndani. Usiitaje moja ukaacha nyingine. Cheni ya 22 ambayo maduka mengi ya mjini wanaijua ni ya kunyanyulia mizigo, na hiyo ni 22 kwa 66. Spoketi ya konveya imekatwa kwa 86. Pete ya 66 haina pa kukaa pale.

Hapo ndipo wengi wanapoliwa hela. Wanauziwa kiungio cha slingi ya kunyanyulia mizigo, kile chenye nusu mbili zilizobanwa na pini katikati, mara nyingi kimepakwa rangi nyekundu au njano. Nguvu kinayo, sikatai. Kosa ni umbo. Kimenona kiunoni, kikifika kwenye spoketi hakiingii kwenye nafasi yake, kinapanda juu ya meno, na cheni inaruka. Na elevata ya ndoo, zile za kupandisha unga wa mawe, nazo mara nyingi zina cheni yake iliyokomazwa ngozi ya nje, na pingu zake za kushikia ndoo. Usihamishe kitu cha huko kuleta huku.

Kwa cheni za migodini kipimo kinachofuatwa sana ni cha Kijerumani, DIN 22252, na viungio vyake ni DIN 22258, sehemu tatu: bapa, Kenter na bloku. Kenter mabaharia wanaijua, ndugu yake anaunga minyororo ya nanga. Bapa ni nusu mbili zenye meno yanayoumana. Hupendwa pale nafasi ya kupita ni finyu. Mimi sianzi na jina, nauliza kwanza: kiungio kitapita kwenye spoketi kimelala au kimesimama? Vipo vilivyotengenezwa vipite vimesimama tu. Karatasi ya mtengenezaji inasema, na kama muuzaji hana karatasi hiyo, aga uende duka lingine.

Kwa hiyo hesabu pete kabla ya kukata cheni. Kipande kiwe na pete za idadi witiri, ili zile mbili za mwisho zote ziwe zimelala na kiungio kikae baina ya vipande kikiwa kimesimama. Ukikata pete moja ya ziada kwa haraka, mpangilio wote umegeuka. Na kama cheni ni mbili, viungio vikae mkabala, huku na huku. Ukibadilisha kipande upande mmoja, badilisha na wa pili, la sivyo vyuma vya kukwangulia vitaenda mshazari kama kaa.

Nguvu inapigiwa hesabu hata kwenye kipande cha boksi. Chuma cha milimita 22 kina eneo la mkato la milimita za mraba 380. Pete ina miguu miwili, basi 760. Cheni nzuri ya daraja la 80 inakatika kwenye niutoni 800 kwa kila milimita ya mraba, kwa hiyo ni kama kiloniutoni 610, karibu tani 62. Kiungio kisiwe chini ya hapo. Tafuta chapa iliyogongwa kwenye chuma, kwenye nusu zote mbili, na ifanane. Nusu ya mtengenezaji huyu na nusu ya yule hazioani hata kama zimeingiana.

Halafu kuna jambo linalonifanya nionekane sitaki hela: cheni iliyochakaa. Pima pete 11 zilizovutwa, kuanzia ukingo wa ndani wa ya kwanza hadi ukingo wa ndani wa mwisho wa ya 11. Ikiwa mpya, 22 kwa 86 inakupa milimita 946. Ukiniletea 965, yaani imerefuka asilimia 2, sikuuzii kiungio, tuongee cheni. Kiungio kipya kwenye cheni iliyorefuka kinakuwa pete fupi peke yake, na spoketi inakigonga kila mzunguko.

Kuchomelea ndio sitaki hata kusikia. Kuna mtambo mmoja, nisiutaje, kiungio kilipasuka wakaita fundi wa kuchomelea, kazi ikatoka inang'aa. Haikumaliza siku mbili. Chuma kile kimepashwa moto na kupozwa kwa kipimo maalumu ndipo kikapata ugumu wake. Moto wa kuchomelea unauvunja ugumu huo, na nyufa zinaanzia pembeni mwa mshono, usipoziona.

Siku ya kufunga, zima mtambo, funga swichi kwa kufuli na ufunguo ukae mfukoni mwako, si kwa mlinzi. Cheni ilegee kabisa. Safisha mchanga kwenye meno ya kiungio, unganisha nusu, gonga pini mpaka ilingane na uso wa chuma, isichomoze. Endesha bila mzigo mizunguko michache, zima, funga tena, ukague kila pini. Ile pini ya zamani uliyoing'oa itupe. Imeshabanwa ikalegea, haitashika. Kila kiungio nauza na pini mbili, na yule kijana wa juzi aliniuliza ya pili ni ya nini. Nikamwambia ni ya siku utakayokifungua, maana siku hiyo itakuwa Jumapili na mimi nitakuwa kanisani.