Kumimina chubwi zenye tundu msimu wa kipupwe

Juni hadi Agosti, Uyole na Makete, kwenye baridi ya nyanda za juu kusini mwa Tanzania, kazi ya kumimina chubwi, yaani vizito vya risasi vya mshipi wa kuvulia samaki, huharibiwa na kalibu (chombo cha kuumbia) baridi kuliko kitu kingine. Risasi, yaani ile metali nzito laini, huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Sentigredi. Ikigusa chuma baridi huganda kabla ya kufika pembeni, na chubwi hutoka na mikunjo au nusu. Pasha kalibu ya alumini na pini yake inayoacha tundu kando ya jiko dakika 15. Pini ndiyo hupoa upesi, hivyo irudishe kwenye joto kila baada ya kumimina, na uipake masizi ya mshumaa ili ichomoke.

Umande ni hatari kubwa zaidi. Tone moja la maji chini ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke ghafla na kurusha chuma usoni. Kila kipande kikauke juu ya jiko kabla hakijaingia chunguni.

Vipande vya risasi vya kubalansia matairi vinafaa kuyeyushwa. Vya zinki huyeyuka kwenye 419, basi usizidishe moto, vitaelea uvitoe. Betri za gari usiziguse kabisa.

Tupia kipande cha nta, koroga, engua uchafu, kisha mimina mfululizo bila kusita. Chubwi chache za kwanza zirudishe chunguni. Zikianza kutoka na ukungu mweupe, kalibu imezidi joto: subiri kidogo.

Fanyia nje, hata kukiwa na baridi, miwani na glavu za ngozi zikiwepo. Watoto na wajawazito wakae mbali, na sufuria hiyo isipikiwe tena.