Kabla ya kuongoza matembezi ya kutazama wanyama kando ya mto: mambo ya kuzingatia

Matembezi ya kutazama ndege na wanyama kando ya mto, yale yanayoandaliwa na majirani au marafiki bila kiingilio wala mwongozaji wa kulipwa, mara nyingi huchukuliwa kuwa jambo lisilohitaji maandalizi, kwa kuwa njia ipo, mto upo, na kila mtu anajua kutembea. Hata hivyo, ni nadra matembezi ya namna hii kuharibika kwa sababu wanyama wamekosekana. Huharibika kwa sababu njia imefunikwa na maji, kundi limekuwa kubwa mno, au mwandaaji hakujua pa kugeuzia. Kwa hiyo maandalizi yaanze na njia yenyewe, na wanyama wafuate baadaye.

Ipite njia yote kwa miguu siku mbili au tatu kabla, na uipite saa ileile ambayo kundi litapita. Saa ina uzito kuliko inavyodhaniwa: jua la asubuhi likiwa mbele yenu, ndege aliye juu ya maji huonekana kama kivuli cheusi tu, na rangi za mdiria, ambazo ndizo zilizowatoa wengi kitandani, hazionekani kabisa. Kuanzia mwisho wa njia na kurudi nyuma kunaweza kuondoa tatizo hilo. Kumbuka mahali penye utelezi na mti ulioanguka, lakini zaidi ya hayo chunguza mahali ambapo maji yameula ukingo kwa chini na kuacha udongo unaoning'inia. Mtu mmoja akisimama hapo huenda lisitokee lolote, ilhali watu wanane wakisogea pamoja kumtazama kenge, udongo huo unaweza kuporomoka nao. Tafuta pia sehemu tatu au nne pana ambapo kundi zima linaweza kusimama, kwa sababu kwenye njia nyembamba wa mbele huona na wa nyuma husimuliwa.

Katika kupita huko, zitafute dalili kuliko kuwatafuta wanyama wenyewe. Fisi maji huwa na desturi ya kuacha kinyesi mahali palepale, juu ya jiwe au gogo lililo wazi karibu na maji, kikiwa kimejaa magamba ya samaki au vipande vya gamba la kaa, na ukikikuta kingali kibichi utakuwa na jambo la kuonyesha hata kama mnyama mwenyewe hatatokea, na aghalabu hatatokea. Kuna nyayo kwenye matope, kuna matundu katika kingo za udongo zilizosimama wima ambamo aina kadhaa za mdiria hutaga, na kuna maganda matupu ambayo kereng'ende huyaacha kwenye mabua ya matete wanapotoka majini na kukunjua mabawa kwa mara ya kwanza. Vitu hivi havikimbii watu wakizungumza, na mwandaaji anayevijua hana haja ya kuahidi kitu asichoweza kukitimiza.

Uliza pia ardhi ni ya nani. Njia inayotumiwa na kila mtu inaweza kupita shambani kwa mtu au ndani ya eneo la hifadhi, na ruhusa ya mdomo iliyoombwa mapema huepusha mabishano mbele ya wageni. Wavuvi wanastahili kujulishwa, na watu wanaooga au kufua hawapendi kuelekezewa darubini.

Maji yanahitaji fikra ya pekee. Mto hujaa kwa mvua iliyonyesha mbali, hivyo anga safi juu ya kundi lako haliwi ushahidi wa usalama, na taarifa ya hali ya hewa ya kutazama ni ile ya sehemu za juu za mto. Kama kuna bwawa huko juu, fahamu utaratibu wake wa kufungulia maji. Chagua jiwe au nguzo ya daraja iwe kipimo chako, uone maji yamefika wapi siku ya kukagua na yamefika wapi siku yenyewe. Maji yaendayo kasi yanaweza kumwangusha mtu mzima hata yakiwa na kina cha sentimita 15 tu, kwa hiyo kivuko kilichozama si mahali pa kuonyeshana ujasiri. Yakigeuka ghafla kuwa ya rangi ya udongo na kuanza kubeba vijiti na majani, kundi lipande mahali pa juu mara moja. Penye kichocho, asiingize mtu mguu majini, kwa kuwa vimelea vitokavyo kwa konokono hupenya kwenye ngozi bila jeraha lolote.

Pale mto ulipo na viboko au mamba, maoni yangu ni kwamba matembezi ya kirafiki hayafai bila askari wa wanyamapori. Kiboko hutoka majini usiku kwenda kula nyasi na hurudi alfajiri kwa njia alizozizoea, na saa hiyo nzuri ya ndege ndiyo saa mbaya ya kusimama kati yake na maji.

Kuhusu watu, wanane hadi kumi na wawili wanatosha kwa kiongozi mmoja. Watangazie muda na hali ya njia badala ya umbali peke yake, maana kilomita tatu za kusimama kila mara huweza kuchukua saa mbili au zaidi, na anayetumia fimbo au kiti cha magurudumu anahitaji kujua habari za ngazi na matope kabla hajatoka nyumbani. Mtu mmoja anayeijua njia akae mwisho, na asipitwe na yeyote. Watoto waje na mzazi au mlezi anayewajibika kwao, hata kama mwandaaji ni jamaa wa karibu.

Vifaa si vingi. Darubini iliyoandikwa 8x42, yaani inayokuza mara nane na yenye lenzi ya mbele ya milimita 42, humfaa anayeanza kuliko ile ya mara kumi, ambayo huonyesha zaidi mtikisiko wa mkono. Maji ya kunywa, viatu vinavyoshika, kisanduku cha huduma ya kwanza, simu yenye chaji na namba ya dharura ya mahali hapo vinatosha. Jaribu simu njiani siku ya kukagua, kwani mabonde ya mito yana sehemu nyingi zisizo na mtandao.

Amueni mapema jinsi mtakavyowatendea wanyama. Kupiga sauti za ndege zilizorekodiwa ili kuwavuta humfanya ndege aache kulisha au kulalia mayai ili amfukuze mpinzani asiyekuwepo, kwa hiyo katika msimu wa kutaga liachwe kabisa. Mbwa wabaki nyumbani. Picha za kiota nazo zisitumwe zikiwa na taarifa za mahali, jambo ambalo simu nyingi huliandika ndani ya picha bila mwenye simu kutambua. Mkiweka kumbukumbu kwenye iNaturalist, jukwaa la mtandaoni ambako watu huandikisha viumbe walivyoviona, mfumo wenyewe hufifisha mahali walipoonekana viumbe walio hatarini, lakini kundi la ujumbe la majirani halina kinga hiyo.

La kukamilisha ni kuahirisha. Wajulishe watu tangu mwanzo nani ataamua na saa ngapi ya jioni ya kuamkia siku hiyo ujumbe utatumwa, ili asiwepo wa kuamka usiku na kukuta mkutano umevunjwa. Mkiwa tayari njiani na ngurumo zikasikika, geukeni kuelekea kwenye jengo au gari lililofungwa, si chini ya mti wa ukingoni, na msirudi hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.