Jinsi ya Kudai Mrabaha wa Madini wa Serikali ya Jimbo: Mwongozo kwa Mfano wa India

Mrabaha (malipo ya mchimbaji kwa mwenye madini), ambao Tanzania hulipwa kwa Serikali Kuu, nchini India huingia katika hazina ya jimbo lenye madini, ingawa kwa madini kama makaa ya mawe na chuma kiwango chake hupangwa na serikali kuu mjini New Delhi chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 1957. Ndiyo maana afisa wa idara ya madini ya jimbo hudai fedha ambazo hakupanga yeye ni asilimia ngapi, na mara nyingi anayedaiwa ni kampuni inayomilikiwa na serikali iyo hiyo iliyopanga.

Hatua ya kwanza, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayoamua hatima ya madai mengi, ni kulitaja deni kwa jina lake. Jharkhand, jimbo la India lenye makaa ya mawe, inadai serikali kuu na kampuni zake takriban rupia trilioni 1.36, lakini ukilifungua dai hilo utakuta mambo matatu: rupia bilioni 29 hivi za mrabaha wa makaa yaliyooshwa, bilioni 320 hivi za madini yaliyochimbwa kupita kibali, na zaidi ya trilioni 1 ya fidia ya ardhi ya serikali. Mrabaha wenyewe ndio sehemu ndogo kuliko zote. Kila fungu lina kifungu chake cha sheria na ushahidi wake, na kuyachanganya ni kumpa mdaiwa mwanya wa kujibu lile asiloulizwa. Desemba 2024, swali lilipofika bungeni likizieleza fedha hizo kama mgawo wa mapato ya kodi ya makaa, serikali kuu ilijibu kwamba hakuna mgawo wa kodi wa namna hiyo unaodaiwa.

Tofauti ya mrabaha na kodi si ya maneno tu. Tarehe 25 Julai 2024 majaji wanane kati ya tisa wa Mahakama ya Juu Kabisa ya India waliamua kwamba mrabaha si kodi, wakitengua msimamo wa mwaka 1989 kwamba mrabaha ni kodi, na kwamba majimbo yana mamlaka ya kutoza kodi ardhi yenye madini, Jaji B. V. Nagarathna peke yake alipinga. Tarehe 14 Agosti mahakama iliruhusu kodi hizo zidaiwe kuanzia 1 Aprili 2005, lakini kwa malipo ya awamu ya miaka 12 kuanzia 1 Aprili 2026, bila riba wala adhabu kwa kipindi cha kabla ya hukumu. Mrabaha wa makaa usiolipwa kwa wakati, kwa upande wake, unaweza kutozwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka kuanzia siku ya sitini baada ya tarehe ya malipo kupita. Afisa anayeuita mrabaha kodi anajipunguzia haki kwa mkono wake mwenyewe.

Baada ya hapo, tafuta tani za madini yaliyotoka. Mrabaha hulipwa kwa madini yaliyoondolewa au kutumiwa katika eneo la mgodi, hivyo linganisha taarifa za kampuni, vibali vya usafirishaji, kumbukumbu za mizani na stakabadhi za reli, mwezi kwa mwezi. Panapotofautiana ndipo palipo na dai. Kwa makaa yanayooshwa, uliza kwanza mtambo uko wapi: kwa kanuni ya 64B ya kanuni za vibali vya madini za India, ukiwa ndani ya eneo lililokodishwa, mrabaha hukokotolewa kwa makaa yaliyooshwa yanayotoka, ukiwa nje, hukokotolewa kwa makaa ghafi. Ramani ya mipaka iliyothibitishwa na mpimaji hapa ina uzito kuliko kurasa nyingi za hoja za mawakili.

Kiwango kiwe kile kilichokuwa kikitumika siku madini yalipoondolewa. Kwa makaa, asilimia 14 ya bei ilianza mwaka 2012.

Kisha toa ilani ya madai inayoonyesha hesabu yote, na umpe mdaiwa nafasi ya kusikilizwa, kwa kuwa ilani isiyo na maelezo ndiyo inayofutwa kirahisi mahakamani. Asipolipa, kifungu cha 25 cha Sheria ya Madini ya 1957 kinaruhusu deni likusanywe kama malimbikizo ya kodi ya ardhi. Katika Jharkhand na Bihar njia hiyo hupitia sheria ya mwaka 1914 ya ukusanyaji wa madai ya umma: afisa husaini hati ya madai, mdaiwa hupewa siku 30 za kukanusha, na hati ikithibitishwa mali zake huweza kukamatwa na kuuzwa.

Kwa fungu la uchimbaji wa kupita kibali, tegemea kifungu cha 21(5) cha sheria iyo hiyo ya 1957 na hukumu ya Mahakama ya Juu Kabisa ya Agosti 2017 kuhusu migodi ya jimbo la Odisha, iliyoagiza ilipwe bei yote ya madini, si mrabaha wake pekee.

Suala la mwisho ni mahakama. Ibara ya 131 ya Katiba huipeleka moja kwa moja Mahakama ya Juu Kabisa migogoro kati ya jimbo na serikali kuu, ila tangu uamuzi wa mwaka 1970 kuhusu Bihar njia hiyo hufungwa kampuni ikiunganishwa kama mdaiwa, hata ikiwa mali ya serikali. Dhidi ya kampuni, tumia hati ya madai na ujiandae kuitetea katika Mahakama Kuu ya jimbo.