Ukienda Bagamoyo, tazama mwezi kwanza

Sisi wa Dodoma tukishuka pwani tunakagua nauli, maji hatuyaulizi. Panga safari mwezi ukiwa mpevu au ukiandama. Siku hizo ni bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kupita kawaida: kwenye saa nne asubuhi bahari imekupwa mbali, unatembea mchangani mbele ya Mji Mkongwe na kukuta majahazi yamelala ubavu. Ndala usivue, makombe yanakata! Mchana pitia magofu ya Kaole, kama kilomita 5, kuna msikiti wa karne ya 13. Saa kumi jioni rudi ufukweni, majahazi yanaelea. Mwezi ukiwa nusu mpango huu unakwama: maji mafu hayatoki mbali, na saa zinageuka. Kila siku kujaa na kupwa kwa maji kunachelewa kama dakika 50.