Ni Nani Anayelalamika? Kutatua Hitilafu za Mstari wa Amri Unapoanza Mradi wa Tovuti

Hitilafu nyingi zinazotokea kwenye mstari wa amri siku ya kwanza ya mradi wa tovuti hazitokani na msimbo wako, kwa kuwa siku hiyo bado hujaandika msimbo wowote. Zinatokana na kutoelewana kwa programu nne au tano ambazo lazima zishirikiane kabla ukurasa wa kwanza haujaonekana kwenye kivinjari: programu inayopokea amri zako, kidhibiti cha vifurushi, programu inayoendesha JavaScript, mfumo endeshi wa kompyuta, na mara nyingine seva ya mbali inakohifadhiwa vifurushi, yaani misimbo iliyokwisha kuandikwa na wengine ambayo mradi wako unaitumia. Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza mbele ya maandishi mekundu ni hili: ni nani kati yao anayelalamika? Ukishalijibu, sehemu za kutafuta kosa hupungua kutoka tano hadi moja. Nitatumia Node.js, ambayo ndiyo programu inayoendesha JavaScript, na npm, kidhibiti chake cha vifurushi, kama mfano, kwa kuwa miradi mingi ya tovuti huanzia hapo, ingawa anayetumia Python au PHP atafuata utaratibu ule ule.

Mlalamikaji hutambulika kwa mwanzo wa mstari. Mstari unaoanza na `bash:` au `zsh:` umeandikwa na kipokea amri, na maana yake ni kwamba programu uliyoiita haijaanza kabisa. Mstari unaoanza na `npm error`, au `npm ERR!` katika matoleo ya zamani, ni wa kidhibiti cha vifurushi. Ukiona `node:internal`, Node.js imeanza kazi na imekwama njiani. Majina mengi yanayoanza na herufi E kubwa, kama ENOENT na EACCES, asili yake ni mfumo endeshi (ERESOLVE, tutakayoiona baadaye, ni ya npm yenyewe), Node.js na npm huyapokea na kukufikishia tu, kama tarishi anayeleta barua ya mtu mwingine.

Soma ujumbe kuanzia juu. Wanaoanza hunakili mstari wa mwisho wa npm na kuutumia kuombea msaada, lakini mstari huo kwa kawaida hutaja tu mahali lilipohifadhiwa faili la kumbukumbu, ndani ya folda ya `_logs`, wala hausemi lolote kuhusu kosa. Kiini kipo kwenye mistari michache ya mwanzo, hasa ule wenye neno `code`. Python hufanya kinyume: kosa lenyewe hutajwa kwenye mstari wa mwisho, na yaliyo juu yake ni njia iliyopitiwa hadi kulifikia.

Amri inapokosekana

Ujumbe `command not found`, ambao kwenye Windows huandikwa `is not recognized as an internal or external command`, ndio unaowakatisha tamaa watu wengi kuliko wote, nami nauona kuwa unastahili kueleweka hadi mwisho wake. Unapoandika `node`, kipokea amri hakitafuti kwenye diski nzima. Kinapitia orodha ya folda iitwayo PATH, folda moja baada ya nyingine, na kisipoikuta programu yenye jina hilo kinakata shauri kwamba haipo. Programu inaweza kuwa imesakinishwa vizuri kabisa, lakini ikiwa folda yake haimo kwenye orodha hiyo, kwa kipokea amri ni sawa na kwamba haipo.

Anza na lililo rahisi. Orodha ya PATH husomwa dirisha la terminali linapofunguliwa, kwa hiyo dirisha lililokuwa wazi kabla ya kusakinisha Node.js halijui kwamba kuna kilichobadilika. Lifunge ufungue jipya. Ikiwa unatumia terminali iliyo ndani ya kihariri kama VS Code, funga kihariri chenyewe, maana terminali hiyo hurithi orodha ambayo kihariri kilikuwa nayo kilipoanza. Baada ya hapo andika `which node` kwenye Linux au macOS, au `where.exe node` kwenye Windows. Usiache `.exe` hapo, kwa sababu ndani ya PowerShell neno `where` peke yake ni amri nyingine isiyohusika na kutafuta programu. Ukipewa anwani ya faili, programu imeonekana. Usipopewa kitu, tazama orodha yenyewe kwa `echo $PATH`, au `$env:Path` kwenye PowerShell, uangalie kama folda ya Node.js imo.

Kwenye macOS kuna kikwazo kimoja kinachojirudia. Tangu toleo la Catalina la mwaka 2019, akaunti mpya hutumia Zsh badala ya Bash, na Zsh husoma mipangilio yake kutoka faili la `.zshrc`. Maelekezo mengi ya zamani yanamwambia msomaji aongeze mstari wa PATH kwenye `.bash_profile`, faili ambalo Zsh haligusi. Msomaji anafuata kila hatua kwa uaminifu na bado hapati matokeo. Andika `echo $SHELL` ujue kipokea amri cha akaunti yako ni kipi, kisha uhariri faili linalokihusu.

Ujumbe huo huo una maana tofauti kabisa unapotaja chombo cha mradi badala ya Node.js. Tuseme umeandika `npm run dev` ukajibiwa `sh: vite: command not found`. Usiende kubadilisha PATH. Amri inapopitia `npm run`, npm huongeza kwa muda folda ya `node_modules/.bin` mwanzoni mwa PATH, na humo ndimo Vite inamotakiwa kuwa. Kama haipo, maana yake vifurushi vya mradi havijasakinishwa, jambo la kawaida kabisa kwa mradi ulionakiliwa kwa Git, kwa kuwa folda ya `node_modules` kwa desturi haiwekwi kwenye hifadhi ya Git. Tiba yake ni `npm install`, basi.

Kwenye Windows, PowerShell huweza kukataa kuendesha npm ikisema `running scripts is disabled on this system`. Hapo Node.js haina kosa lolote. PowerShell inalinda kompyuta dhidi ya hati za amri zisizoaminika, na npm huitwa kupitia hati ya aina hiyo. Unaweza kuandika `npm.cmd` badala ya `npm`, kutumia dirisha la Command Prompt, au kulegeza ulinzi kwa akaunti yako pekee kwa amri `Set-ExecutionPolicy -Scope CurrentUser RemoteSigned`. Nakusihi usiulegeze ulinzi zaidi ya hapo kwa kutumia `Unrestricted`, hata ukikuta unashauriwa hivyo.

Folda isiyo sahihi

ENOENT ni ufupisho unaosema kwamba faili au folda iliyotajwa haipo. Inapotaja `package.json`, karibu kila mara umesimama kwenye folda isiyo ya mradi, na ujumbe wenyewe unakuonyesha anwani kamili ya mahali ambapo npm imelitafuta faili hilo. Linganisha anwani hiyo na unayopata kwa `pwd`, kisha orodhesha yaliyomo kwa `ls`. Miradi iliyopakuliwa ikiwa imebanwa mara nyingi hufunguka na kuwa folda ndani ya folda yenye jina lile lile, nawe unakuwa umesimama kwenye ile ya nje.

Ukiambiwa `Missing script`, uko mahali sahihi lakini mradi haujui neno ulilotumia. Andika `npm run` bila kuongeza kitu, nayo itakuorodheshea maneno yote ambayo mradi unayajua. Kuhusu majina ya folda, tumia herufi ndogo na kistari badala ya nafasi: npm haikubali herufi kubwa katika jina la kifurushi kipya, na `cd` ikikutana na nafasi huliona jina moja kuwa maneno mawili usipolifunga kwa alama za nukuu.

Ruhusa, na kwa nini sudo si dawa

EACCES hutokea mfumo endeshi unapokukatalia ruhusa. Mahali pa kawaida ni amri ya `npm install -g` kwenye Linux au macOS, ambapo npm inajaribu kuandika ndani ya folda ya mfumo isiyo mali yako. Wengi huongeza `sudo`, neno linaloendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi mkuu wa kompyuta, mbele ya amri, ikafanikiwa, wakaamini kwamba wamemaliza. Nilifanya hivyo kwa miezi mingi, na gharama yake niliiona baadaye. Kila faili linaloundwa chini ya `sudo` linaweza kuwa mali ya msimamizi mkuu, pamoja na yaliyo ndani ya hifadhi ya muda ya npm, hivyo amri ya kesho isiyo na `sudo` inakataliwa mahali ambapo jana ilikubaliwa. Unalazimika kutumia `sudo` tena, na tatizo linaenea. Zaidi ya hayo, unakipa kifurushi kilichoandikwa na mtu usiyemjua uwezo wa kubadilisha chochote kwenye kompyuta yako.

Njia salama ni kuiweka Node.js ndani ya folda yako ya nyumbani kwa kutumia kidhibiti cha matoleo kama nvm, ambacho pia kitakusaidia katika matatizo mengine nitakayoyataja. Ikiwa madhara yameshatokea, rudisha umiliki wa folda kwa `sudo chown -R $(whoami) ~/.npm`, hii ni mara moja ambayo `sudo` ina kazi halali. EACCES ikitokea wakati seva inaanza, chanzo ni kingine: kwenye Linux, poti (namba za milango ambayo seva hupokelea maombi) zilizo chini ya 1024 kwa kawaida zimetengwa kwa ajili ya msimamizi, kwa hiyo badala ya poti 80 tumia 3000 au 8080.

Poti iliyokwisha kushikwa

EADDRINUSE inasema kwamba kuna programu nyingine inayotumia poti unayoitaka, na mara nyingi programu hiyo ni seva yako mwenyewe ya saa moja iliyopita. Chanzo kinachosahaulika ni Ctrl+Z. Kwenye Linux na macOS, vitufe hivyo haviifungi seva. Vinailaza tu, nayo inaendelea kushikilia poti ikiwa imelala. Andika `jobs` uone zilizolala, `fg` kuiamsha, kisha Ctrl+C kuifunga kikweli. Kama dirisha lake limeshapotea, tafuta namba ya mchakato kwa `lsof -i :3000`, halafu uufunge kwa `kill` na namba hiyo. Kwenye Windows tumia `netstat -ano | findstr :3000`, kisha `taskkill /PID` ikifuatwa na namba iliyo mwisho wa mstari na `/F`. Hakikisha unajua ni programu gani kabla ya kuifunga. Kwenye macOS tangu Monterey, kwa mfano, poti 5000 hushikwa na huduma ya AirPlay, jambo linalowasumbua wanaotengeneza tovuti kwa Flask ya Python kwa kuwa hiyo ndiyo poti yake ya kawaida.

Kuna hali ya hatari zaidi kwa sababu haileti ujumbe mwekundu. Vite ikikuta poti 5173 imeshikwa huhamia 5174 bila kulalamika. Wewe unaendelea kutazama 5173 kwenye kivinjari, unahariri msimbo, na hakuna kinachobadilika. Soma anwani ambayo seva imeiandika kila inapoanza.

Matoleo yasiyopatana

ERESOLVE inatisha kwa urefu wake, lakini inasema jambo moja: kifurushi kimoja kinataka toleo fulani la kingine, na mradi una toleo tofauti. Hitilafu hii ilienea baada ya npm toleo la 7, la mwaka 2020, kuanza kusakinisha yenyewe vifurushi shirika (`peer`), yaani vile ambavyo kifurushi kingine kinataka viwepo kando yake kwenye mradi, na kukataa vinapogongana. Tafuta mstari wenye `Found:` na ule wenye `peer`, ulinganishe namba, kisha upandishe au ushushe toleo la kifurushi kimoja. Kutumia `--legacy-peer-deps` kunairuka hitilafu bila kuiondoa. Kubali hilo kwa mradi wa kujifunzia, si kwa mradi utakaotumiwa na watu.

Ukikutana na `ERR_OSSL_EVP_UNSUPPORTED`, una mradi wa zamani juu ya Node.js mpya. Toleo la 17, lililotoka mwaka 2021, lilihamia OpenSSL 3, ambayo haikubali tena kwa kawaida njia ya hashi (ya kukokotoa alama fupi ya kutambulisha data) iliyotumiwa na webpack, zana ya kuunganisha faili za tovuti, toleo la 4. Pandisha zana za mradi, au kama haiwezekani kwa sasa, tumia nvm kurudi kwenye toleo la Node.js ambalo mradi uliandikiwa. Mara nyingi utalikuta kwenye faili la `.nvmrc` au kwenye sehemu ya `engines` ya `package.json`.

Kufuta `node_modules` na kusakinisha upya ni ushauri unaotolewa haraka mno, ingawa wakati mwingine hufaa. Ukiufuata, acha `package-lock.json` mahali pake na utumie `npm ci`, ambayo yenyewe hufuta folda hiyo na kusakinisha matoleo yale yale yaliyoandikwa humo. Ukilifuta na faili hilo, unaweza kupata matoleo mengine kabisa, na hutajua tena kama tatizo lililopo sasa ni lile la mwanzo au ni jipya.

Unapohitaji msaada

Ukilazimika kumuuliza mtu mwingine, mpe amri uliyoandika, folda uliyokuwamo, majibu ya `node -v` na `npm -v`, jina la mfumo endeshi, na ujumbe wote kuanzia mstari wa kwanza, ukiwa maandishi na si picha ya skrini. Kabla ya kuutuma, upitie mstari kwa mstari uondoe nywila na tokeni, na kamwe usiambatishe yaliyomo kwenye `.env` au `.npmrc`. Kama tokeni imeshatoka, ibatilishe mara moja na utengeneze nyingine, hata kama ujumbe umeufuta dakika ile ile.